Mbolea kwa Namba ya Fundi

Kwanza tukate mzizi wa fitina. Fundi cherehani wa barabara ya ghala hakuiba mbolea ya serikali. Hakuuza mfuko, hakuuza hata kiganja kimoja. Chumba cha nyuma cha matofali, ambacho wapita njia hukinyooshea kidole wakisema "ile ndiyo mbolea," kilijengwa kwa kiinua mgongo cha mkewe, aliyefundisha sekondari mpaka chaki ikamkausha vidole. Waashi waliokijenga wako hai na wanajua nani aliwalipa. Na hiyo habari kwamba Fundi alifukuzwa kwenye kamati ya wakulima kwa wizi imetiwa chumvi mpaka hailiki. Aliondolewa, ndiyo. Alisimama mbele ya watu akakubali kosa, ndiyo. Lakini kosa alilolikubali halikuwa lake, na kwa kuwa sasa hayupo tena kulibeba, ni haki lielezwe lilivyokuwa.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, katikati ya kinyozi na duka la pembejeo. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kung'olea vipuri. Meza ya kukatia ilifunikwa blanketi kuukuu lenye alama ya pasi iliyoungua, na kioo kirefu cha ukutani kilikuwa kimepasuka pembeni, kwa hiyo wateja waliambiwa wasimame upande wa kushoto ili wasijione na shingo mbili. Chini ya meza yalikuwako magunia ya mabaki ya vitambaa. Kila aliyeshonewa nguo, mabaki yake yaliviringwa na kuwekwa. Nguo ya mtu mwenye kazi haikosi kuchanika, Fundi alikuwa akisema, na kiraka cha rangi nyingine ni tangazo.

Alikuwa mwepesi wa maneno. Angeweza kukupima kiuno huku akikuchekesha mpaka kipimo kikakosewa, akalazimika kupima upya. Lakini utani wake ulikuwa wake, na mambo ya watu yalikuwa ya watu. Fundi wa nguo anajua mengi: nani kanenepa, nani kakondeshwa na maradhi, binti wa nani anataka sketi ipanuliwe haraka na kwa siri. Hayo yote yalimwingia masikioni na hayakupata njia ya kutokea. Mkewe mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alisikia habari za watu sokoni kabla ya kuzisikia nyumbani kwake.

Sasa, simu. Mtandao wa sehemu zile ulikuwa wa kubahatisha. Ulipatikana vizuri kwenye dirisha moja tu la barabara nzima, dirisha la Fundi, na ndiyo sababu simu yake ilikaa hapo mchana kutwa, imening'inizwa kwa utepe kwenye msumari. Namba yake ilichorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, chini ya maneno yaliyosema suruali, sketi, mashati na marekebisho. Mama mwenye mtoto mjini alipokosa namba ya kumpa mwanawe, Fundi alimwambia ampe hiyo. Mama wa pili naye akapewa. Miaka ikapita, na namba ya Fundi ikawa namba ya barabara. Wanawake waliijua kwa moyo, hata wale wasiojua kusoma, kwa sababu waliitamka kwa mdundo kama wimbo wa kurukia kamba. Wengine walikuwa wakisema "namba yangu," wakimaanisha ile, bila kucheka.

Mmoja wao alikuwa mjane aliyeitwa Mama Ubishi. Huyu anatajwa hapa kwa sababu amekwisha kufariki, hakuwa na wa kumwogopa alipokuwa hai, na ruhusa aliitoa mwenyewe. Alikuwa akipita dirishani na jembe begani.

"Fundi, simu yangu imelia leo?"

"Imelia mara mbili, mama. Nimeiambia uko shambani."

"Ungeiambia nimekufa, labda wangetuma kitu."

Mwalimu hakupendezwa. Alimwambia mumewe kwamba simu si kisima cha kila mtu kuja na ndoo yake. Fundi akajibu kwamba kisima kina foleni na ugomvi, na dirishani kwake hakujawahi kuwa na ugomvi. Mazungumzo yao mengi yaliishia hivyo, mmoja akiwa na haki na mwingine akiwa na jibu.

Mwaka huo ikatangazwa mbolea ya ruzuku. Serikali ingelipa sehemu kubwa ya bei, na mkulima angemalizia. Aliyeitaka alipaswa kujiandikisha, kisha angetumiwa kwenye simu ujumbe wenye namba ya siri, na namba hiyo ndiyo ingemfungulia mlango wa ghala. Karani alikuja na kompyuta ndogo, akawekewa meza kwenye veranda ya shule ya msingi. Aliuliza mambo matatu: jina, shamba, simu. Ukishajibu alisema "anayefuata" bila kuinua macho.

Kama kawaida, wa kwanza kuandikwa walikuwa wale wasiopanga foleni. Kulikuwa na Mstaafu mmoja, mkubwa wa zamani maofisini, mwenye shamba lililoanzia barabarani na kuishia mtu asipoweza kuona. Hakuwa amelima kwa miaka. Alilikata vipande akawakodisha wanawake wa pale, kodi ikitangulia, jembe likifuata. Siku ya kujiandikisha hakuja. Alimtuma dereva wake na hati ya shamba zima. Karani akaingiza eka, kompyuta ikatoa mifuko, na Mstaafu akaandikiwa mbolea ya kujaza lori kwa ajili ya udongo ambao hakuwa ameukanyaga ila kwa viatu vya ngozi. Hilo halikuwa kosa. Kanuni ilisema mbolea hufuata shamba, na shamba lilikuwa lake.

Waliokuwa wakililima walikuja nyuma yake. Kanuni iliwakumbuka na wao, mifuko miwili kwa kila mpangaji. Tatizo likawa lile swali la tatu. Baadhi hawakuwa na simu kabisa. Wengine nyumba zao zilikuwa na simu, ila ilikaa mfukoni mwa bwana. Mwaka uliotangulia zilikuwa zimetolewa mbegu za bure kwa mtindo huohuo, na mabwana kadhaa walipata ujumbe, wakachukua mbegu, wakaziuza barabarani siku ileile. Wake zao walikuja kujua zilipokuwa zimeota kwenye mashamba ya watu wengine. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza alipoulizwa simu, akataja namba aliyoijua kwa moyo. Aliyekuwa nyuma yake akaisikia, akaitambua, akaona ni akili, akaitaja na yeye. Karani alibonyeza na kusema "anayefuata." Waliitaja wanawake thelathini na zaidi, kila mmoja akidhani ni yeye tu na labda jirani yake.

Fundi mwenyewe wakati huo alikuwa dukani akitia zipu kwenye suruali.

Alikuja kujua siku simu ilipoanza kulia msumarini kama iliyopagawa. Ujumbe wa kwanza ulimwita ndugu mkulima na kumtaja kwa jina la mwanamke aliyekuwa amemshonea gauni mwezi uliopita. Alicheka. Wa pili ukamtaja kwa jina la mwanamke mwingine. Ulipofika wa kumi hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameelewa, na anaangalia dirisha lake kama mtu aliyegundua kuwa usiku kucha alilala na mlango wazi.

Angeweza kuzikataa. Angeweza kwenda kwa karani akasema hizi si zangu. Lakini ilikwisha andikwa, mvua zilikuwa zinakaribia, na mbele yake kulikuwa na namba za siri za watu waliomwamini nazo bila hata kumuuliza. Alianza kufikiri namna ya kuzifikisha. Kuzisoma kwa sauti dirishani haikuwezekana, wala kuwapa karatasi, kwa sababu karatasi ikionekana nyumbani huulizwa. Basi akavuta yale magunia ya mabaki. Kila mwanamke alimtafutia kipande cha nguo yake mwenyewe, na upande wa ndani akaandika namba ya siri kwa kalamu ya wino usiofutika. Mwenye maua alipewa maua, mwenye mistari alipewa mistari. Nakshi hizi si zile zenyewe. Zimebadilishwa hapa kwa makusudi. Wasiojua kusoma waliitambua nguo yao kabla ya kuipokea, na mume aliyekiona kitambaa hicho mkononi mwa mkewe aliona kiraka.

"Kiraka chako hiki, mama," alikuwa akisema, hata kama duka limejaa watu. "Usikifue kabla ya kukitumia."

Ghalani, mtunza ghala alikigeuza kitambaa, akasoma, akabonyeza, akasema mbili, na mifuko ikatoka. Aliona jambo hilo kuwa la ajabu kidogo lakini namba zilikubali, na yeye kazi yake ilikuwa namba. Wanawake walibeba mbolea moja kwa moja mpaka shambani bila kupita nyumbani. Nusu yao walikuwa wamekwisha kuchukua, na nusu bado, mashine ya ofisi kuu ya kilimo ilipogutuka.

Fundi aliitwa kwa simu ileile. Alivaa shati lake jeupe la wageni akaenda.

Afisa kilimo alikuwa mgeni wilayani, mtu wa sauti ya chini, na tumpe haki yake: hakuwa mtu mbaya. Ofisi yake ilikuwa na picha ya viwavi ukutani, feni isiyozunguka, na chupa ya punje za mahindi iliyozuia mafaili yasipeperushwe na upepo ambao haukuwepo. Fundi alipofika mlangoni, dereva wa Mstaafu alikuwa anatoka na kibali cha kuja na lori, na afisa alimsindikiza mpaka kizingitini, akampa mkono. Kisha akamkaribisha Fundi kwenye kiti na kumgeuzia kompyuta.

Akamuuliza ana mashamba mangapi. Fundi akasema analo moja, na wanaolivuna zaidi ni mbuzi wa jirani.

"Mbona mashine inasema wewe ni watu zaidi ya thelathini?"

Fundi aliyatazama majina yakipanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina namba yake ikijirudia mpaka chini. Hakuweza kusema neno la kuchekesha, na kwake hilo lilikuwa geni.

"Kuna mambo mawili," afisa alisema. "Ama majina haya ni hewa, umeyatunga, na hapo tunazungumza habari za mahakama. Ama ni watu. Kama ni watu, mifuko iliyobaki naizuia leo. Alhamisi nina mkutano wa hadhara pale uwanjani. Nitasoma jina moja moja, kila mmoja asimame aeleze kwa nini alitumia simu isiyo yake."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo maana ya hadhara, mzee."

Fundi aliuona mkutano huo kana kwamba umekwisha kuanza. Mabwana wangekaa mbele kwenye viti, kama siku zote. Jina lingesomwa, mke angesimama, na angetakiwa aeleze mbele ya mumewe kwa nini hakutaka ujumbe ufike kwenye simu ya nyumbani. Alimkumbuka mmoja, aliyekuja kupunguziwa gauni mara tu baada ya ile habari ya mbegu, jicho limevimba, akasema amegonga mlango. Fundi alimpima mabega bila kuuliza ni mlango gani. Halafu hata kama wote wangetoka salama, mifuko ingekuwa imezuiwa na mvua zingenyesha juu ya mashamba matupu, na kodi ya Mstaafu ilikuwa imekwisha kulipwa.

"Na kosa likiwa langu?" aliuliza.

"Lako vipi?"

"Kama mimi ndiye niliyewaambia wataje namba yangu. Wao hawakuijua kanuni. Walinisikiliza mimi."

Afisa alitia kidole kwenye chupa ya mahindi akazikoroga zile punje. Alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba kama ni hivyo basi watu hao wamepotoshwa. Majina yao hayana sababu ya kusomwa, na mifuko yao wataipata. Ila Fundi atatia sahihi maelezo hayo, atatoka kwenye kamati ya wakulima, hatapata ruzuku tena maishani mwake, na jina lake ndilo litakalosomwa Alhamisi.

"Na unajua watu watalimaliziaje jina hilo."

"Najua," Fundi alisema. "Nipe mpaka kesho asubuhi. Kuna mtu nyumbani lazima aambiwe kwanza."

"Mkeo?"

"Mwalimu," alisema Fundi, kana kwamba hilo ni jibu tofauti.

Alimkuta uani anaanua nguo. Shuka kubwa lilikuwa bado kambani. Fundi alilishika upande mmoja, Mwalimu upande wa pili, wakalivuta kama walivyokuwa wakilivuta tangu wamefunga ndoa, na hapo katikati ya kukunja akamweleza yote, bila kuficha na bila kupamba. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke wa kukatiza watu.

"Sema ukweli," alimwambia. "Ukweli haujakupeleka pabaya hata siku moja."

"Mimi haujanipeleka. Wao utawapeleka."

"Na sisi? Jina hilo si lako peke yako. Nimeolewa nalo. Wanao wanaitwa kwa jina hilo darasani, mbele yangu."

"Najua."

"Baba yako aliacha nini zaidi ya jina?"

"Aliacha cherehani mbili."

Mwalimu hakucheka. Alilivuta shuka kwa nguvu mpaka Fundi akasogea hatua mbele.

"Watakuita mwizi."

"Wataniita."

"Watu hawajui tofauti ya kuitwa na kuwa."

"Wewe unaijua," Fundi alisema. "Mimi mmoja tu ananitosha."

Shuka likakunjwa mara ya mwisho, pembe kwa pembe, akalipokea akaliweka juu ya nguo nyingine. Mwalimu hakumpa ruhusa. Hakumkataza pia. Alimwambia tu kwamba kama anakwenda kujichafua, basi asiende na shati lenye kola iliyokunjamana, akampigia pasi lile shati jeupe kwa mara nyingine.

Akaenda, akatia sahihi.

Alhamisi uwanja ulijaa. Afisa aliongea habari za viwavi, za mbegu, za umuhimu wa kupanda kwa mistari, kisha akafungua faili. Alisema kumetokea udanganyifu katika ruzuku, kwamba mtu mmoja amewapotosha wakulima wenzake waandike namba yake ya simu, na akalitaja jina. Akamwomba asimame. Fundi akasimama. Alikuwa mrefu, na siku hiyo hakuinama. Aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali.

Wanawake waliketi kwenye nyasi upande wa nyuma. Vichwa viliinama. Kisha Mama Ubishi akainuka, akajifunga khanga kiunoni vizuri kama mtu anayetaka kuingia uwanjani mwenyewe. Alikuwa amekwisha fungua mdomo. Fundi alimwona kabla ya afisa kumwona.

"Mama, kaa," alimwita kutoka mbele, kwa sauti ileile ya dirishani. "Nguo yako haijaisha. Nimesema Jumamosi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwizi anasomewa makosa yake na bado anadaiwa nguo. Hata afisa alitabasamu. Mama Ubishi alibaki amesimama kidogo, anamtazama, kisha akaketi taratibu, na waliokuwa karibu naye wanasema alikuwa akilia. Hakuwa na nguo yoyote kwa Fundi.

Hapo ndipo mwenye duka la pembejeo alipopata nafasi. Huyu walikuwa wanapakana na Fundi ukuta kwa ukuta, na mbolea ya bei nafuu ilikuwa inamfanya apige miayo dukani. Aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kwa upole kabisa, na ile iliyokwisha kuuzwa je? Hakuna aliyekuwa amesema kwamba kuna iliyouzwa. Afisa mwenyewe alijibu kwamba suala hilo halipo kwenye maelezo. Lakini swali lilikwisha kutoka, na swali la namna hiyo halingojei jibu. Kufika jioni Fundi alikuwa ameuza mifuko kumi. Kufika wiki iliyofuata alikuwa ameuza ghala.

Kabla ya wiki hiyo kwisha wanawake waliobaki walichukua mifuko yao. Hakuna jina lililosomwa, wala mke aliyeulizwa kitu. Mvua zilipoanza, mbolea ilikuwa tayari ardhini, na mahindi ya vile vipande vya kukodi yaliota ya kijani kibichi mpaka wageni wakasimama barabarani kuyatazama, wakisema huyu Mstaafu anajua kilimo.

Lori la Mstaafu nalo lilikuja likapakia. Mifuko yake haikwenda shambani, maana shambani watu walikuwa wamekwisha kuweka ya kwao. Ilikwenda kwenye duka la pembejeo, ikaingia kwa mlango wa nyuma, ikatoka kwa mlango wa mbele kwa bei kamili. Watu waliona. Walisema Mstaafu ana bahati. Mkutano haukuitishwa.

Fundi alikuwa mmoja wa walioinunua kwa bei hiyo, kwa ajili ya kishamba chake. Mwenye duka alimuuliza kama ile ya bure imemwishia. Fundi akasema imekwisha, na ya kununua inanuka vibaya kuliko ya bure. Mwalimu aliposikia alimwambia mizaha hiyo ndiyo inayomzika. Akasema anajua, lakini ameshazoea kujibu.

Hasara ilikuwapo, isifanywe kana kwamba haikuwapo. Kamati ya wazazi ilimnyang'anya kazi ya sare za shule, ambayo alikuwa ameifanya tangu shule ina madarasa manne. Wanaume kadhaa waliwakataza wake zao kukanyaga dukani kwake, na miongoni mwao walikuwamo wale ambao unga uliokuwa mezani kwao ulitokana na namba yake. Watoto wake waliambiwa maneno njiani. Mwalimu alisimama mbele ya madarasa akijua kinachonong'onwa kwenye madawati ya nyuma, akaendelea kufundisha, mgongo umenyooka.

Wanawake hawakumshukuru kwa maneno. Shukrani ingesikika. Lakini mwaka ule nguo zilichanika sana. Walikuja na magauni yaliyochanika upande, yaliyochanika mfukoni, yaliyochanika mahali ambapo nguo haichaniki, tena kwa mstari ulionyooka ambao jembe wala mwiba hauwezi kuukata. Waliowakataza kuja hawakuweza kusema kitu, maana mke hawezi kutembea na nguo iliyopasuka. Fundi aliyapokea, akayaziba, akatoza bei ya kawaida, na hakumuuliza yeyote mkasi wake uko wapi.

Aliishi hivyo miaka mingi, si kwa huzuni. Alishona, alitania, alipokea simu za watu. Afisa yule alihamishwa. Baadaye kidogo kanuni ikabadilika, ikaruhusiwa mkulima asiye na simu atumie ya jirani anayemwamini, na kila mtu akaiona kuwa ni kanuni ya busara. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Fundi kitu, naye hakungoja aambiwe. Watoto wake walisoma, wakaoa na kuolewa kwa heshima. Mwalimu alipostaafu kikajengwa kile chumba cha matofali, akaketi humo na vitabu vyake, na Fundi alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza kama mbolea hiyo inakaa vizuri. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo Mwalimu alimruhusu kuyafanyia mzaha.

Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, kitandani kwake, akiwa amezungukwa na watu wake. Aliulizwa siku zile za mwisho kama angependa mambo yale yaelezwe. Alisema yeye hana haja, ila Mwalimu akitaka aeleze, ajue pa kuishia.

Na haja ipo. Maneno hayakuzikwa naye. Wapo vijana, sasa watu wazima wenye kazi zao mijini, ambao wakija likizo huketi kwa kinyozi wakacheka kwamba mzee yule angekuwa tajiri kama asingekamatwa. Wapo miongoni mwao waliolipiwa ada kwa mahindi ya mwaka ule. Hawajui, na mama zao hawajawaambia, na mama zao wana sababu. Wapo waliobaki wajane, wana simu zao, hawana wa kumwogopa. Wapo ambao bado wako kwenye nyumba zilezile na mabwana walewale, ambao wamezeeka, wamepoa, na hupenda kusimulia jinsi walivyolima sana mwaka ule.

Tangu ilipojulikana kwamba habari hii inaandikwa, watu wamekuja nyumbani. Wanapewa kiti na chai. Wengine wanakuja kwa nia njema, wanasema ingekuwa vizuri majina ya wanawake wale yatolewe, hata machache, ili ushahidi uwe kamili na jina la Fundi lisafike bila shaka yoyote. Hiyo ni kweli. Lingesafika. Mkewe anawajua wote, mmoja baada ya mwingine, na nyumba zao anazijua.

Hatawataja, kwa jina wala kwa kuashiria. Amekwisha kusema alilotaka kusema, na asiulizwe tena.